Tantalamu ya Masisi: Somo la Atomi Namba 73

Ukitoka Goma kuelekea magharibi, barabara inapita Sake kwenye ncha ya Ziwa Kivu, inapanda Mushaki penye malisho ya ng'ombe na jibini inayojulikana Kongo nzima, kisha inaendelea milimani hadi Rubaya, wilayani Masisi. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Huko milima imechimbwa kwa majembe na sururu mpaka imebaki mashimo matupu yenye udongo mwekundu na mweupe. Tarehe 30 Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya. Mwezi Septemba mwaka huohuo Bintou Keita, aliyekuwa akiongoza MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba biashara ya madini ya eneo la Rubaya inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu yote inayozalishwa duniani. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ikaanguka.

Tangu hapo mji wetu umekuwa ukitajwa katika miji mikuu ambayo wengi wetu hatutaiona. Wanajeshi wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi walikuwa hapa chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na kabla yao walikuwapo wale wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makandarasi wa kijeshi kutoka Romania waliondoka kwa kuvuka mpaka kuingia Rwanda mji ulipotekwa. Kinshasa ilikuwa imenunua droni za CH-4 kutoka China. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukatangaza vikwazo. Mazungumzo na M23 yakahamia Doha. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda wakatia saini mkataba huko Washington, na tarehe 4 Desemba marais Tshisekedi na Kagame wakasaini mbele ya Trump, siku ambayo Kongo na Marekani zilitiliana pia saini ushirikiano unaogusa moja kwa moja madini.

Mtu wa Goma akisikia hayo husema: wanataka mali yetu. Ni kweli, lakini sentensi hiyo inaishia njiani. Mlima una maelfu ya tani za mawe yasiyotafutwa na mtu. Kwa nini chembe nyeusi ya koltani, yenye tantalamu, na si nyingine? Na kama mali iko kwetu, kwa nini nguvu haiko kwetu? Maswali haya mawili yana majibu ndani ya atomi yenyewe. Tuyafuate polepole, kuanzia chini kabisa.

Umeme ukikatika usiku, kama ilivyo kawaida hapa, taa ndogo ya chaja au ya redio haizimiki papo hapo. Inafifia kwa sekunde moja au mbili. Waya umeshakufa, sasa umeme huo wa mwisho umetoka wapi? Umetoka kwenye kifaa kidogo kilicho ndani kiitwacho kapasita.

Kila kitu kimeundwa kwa atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni zenye chaji hasi. Chaji za aina moja husukumana, za aina mbili huvutana. Katika chuma, shaba au metali nyingine yoyote, baadhi ya elektroni ziko huru kutembea. Sasa chukua vipande viwili bapa vya metali, uviweke vikitazamana bila kugusana. Sukuma elektroni ziingie katika kipande cha kwanza. Zikishaingia chache, zinaanza kuwafukuza wageni wanaofuata, kwa kuwa zote ni hasi. Kipande hakijai kwa kukosa nafasi, kinajaa kwa sababu ya msukumano huo. Lakini ukikiondolea kipande cha pili elektroni zake, kinabaki chanya, nacho kinazivuta zile za ng'ambo. Mvuto wake unatuliza msukumano, na sasa elektroni nyingi zaidi zinakubali kukaa.

Kutokana na hapo unaweza kujua mwenyewe, bila kitabu, ni nini kinachofanya kapasita kuwa kubwa. Vipande vikiwa vipana, elektroni zinatawanyika na kusukumana kidogo. Vikikaribiana, mvuto wa ng'ambo unaongezeka: umbali ukipungua nusu, chaji inayokaa kwa volti zilezile inakuwa maradufu. Jambo la tatu ni kitu kilichojaa katikati. Lazima kiwe kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, la sivyo elektroni zitavuka na hadithi itaishia hapo. Lakini kihami hakikai bure. Atomi zake hunyooshwa kidogo na uga wa umeme, yaani nguvu ya chaji za pande mbili, upande chanya ukielekea huku na hasi kule, na kunyooka huko kunapunguza ukali wa uga wenyewe, hivyo nafasi ya chaji nyingine inapatikana. Kila kihami kina namba yake ya kazi hii. Ombwe, pasipo na kitu, lina 1. Oksidi ya alumini ina kama 9. Oksidi ya tantalamu ina kama 26.

Kwa nini mtu ahangaike kuhifadhi umeme wa sekunde moja? Kwa sababu chipu za elektroniki hazivuti umeme kwa mwendo laini. Ndani yake kuna swichi zinazofunguka na kufungwa mamilioni na mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila mara zinadai umeme sasa hivi. Chanzo kilicho mbali hakiwahi. Volti zikishuka kidogo tu, chipu inakosea hesabu. Kapasita iliyobandikwa pembeni yake inatoa chaji papo hapo na kujazwa tena. Kifaa cha kuongoza kombora kikikosea hesabu moja, kombora halifiki lilikotumwa.

Sasa tantalamu yenyewe. Metali nyingi zikikutana na oksijeni hupata ngozi juu yake. Ngozi ya chuma ni kutu, nayo humomonyoka na kuacha oksijeni iendelee kula ndani. Ngozi ya tantalamu imeshikamana, haina vitundu, haipitishi umeme, na asidi nyingi haziiwezi. Wahandisi wamejifunza kuikuza kwa kipimo. Wanatumbukiza metali katika maji yenye asidi hafifu na kuiunganisha na ncha chanya ya umeme. Uga wa umeme unavuta ioni za oksijeni, yaani atomi zake zenye chaji, kupitia ngozi, na ngozi inanenepa. Kadiri inavyonenepa uga ndani yake unadhoofika, mpaka ioni zinashindwa kupita na ukuaji unasimama wenyewe. Kwa kila volti moja unapata unene wa karibu nanomita 2. Ukitaka ngozi nene, ongeza volti. Ukitaka nyembamba, punguza. Sijui njia nyingine ya kiwandani iliyo rahisi hivi ya kutengeneza kitu chembamba kiasi hiki, na kila nikiifikiria naiona kuwa moja ya kazi nzuri sana za kemia.

Tufanye hesabu. Kapasita ya kufanyia kazi volti 10 hukuzwa ngozi kwa volti kama 30 ili iwe salama, yaani unene wa nanomita 60. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 70,000, kwa hiyo ngozi zaidi ya elfu moja zingeingia katika unywele mmoja. Kwa unene huo na namba 26 tuliyoitaja, kapasita yenye uwezo wa mikrofaradi 100 inahitaji eneo la sentimita za mraba zipatazo 260, pungufu kidogo ya ukurasa wa daftari la shule. Je, eneo hilo linaingiaje katika kifaa kidogo kuliko punje ya mahindi? Tantalamu husagwa kuwa unga laini, unga huo hushindiliwa na kuchomwa katika joto kali ndani ya ombwe hadi chembe zishikane bila kuyeyuka, na kinachobaki kina matundu kila mahali. Ngozi hukuzwa ndani ya matundu yote. Maabara za Bell za Marekani zilionyesha njia ya kutengeneza kapasita kavu ya namna hii katika miaka ya 1950, na majeshi yalikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo.

Sababu ya majeshi kuipenda ni kwamba haibadiliki ovyo. Kapasita za alumini zenye kimiminika hukauka kwa joto na kudhoofika kwa baridi kali. Zile za kauri, ambazo ni nyingi na rahisi, hupungua uwezo zikipewa volti nyingi au joto likibadilika. Ile ya tantalamu hufanya kazi kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125 juu yake. Juu ya hayo, metali yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 3,017, kwa hiyo huchanganywa katika aloi za mapanga ya injini za ndege. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 16.6, zaidi ya mara mbili ya chuma, na wakati huohuo inakubali kukunjwa bila kuvunjika, ndiyo maana hutumika pia katika silaha za kutoboa vifaru.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa haki. Tumezoea kusikia kwamba kila simu ina koltani ya Kongo. Ilikuwa karibu na ukweli mwaka 2000 kuliko leo. Tangu wakati ule watengenezaji wa simu wamehamia kwa kiasi kikubwa kwenye kapasita za kauri. Mahitaji yaliyobaki yako zaidi mahali ambapo hitilafu haivumiliki: seva, magari, vifaa vya hospitali, setilaiti, ndege na silaha. Ndiyo kusema kwamba kadiri miaka inavyokwenda, tantalamu inazidi kuwa suala la wizara za ulinzi.

Iko wapi basi? Usiitafute katika mawe meusi tunayoyakanyaga. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji mwaka 2002, na ile ya Mei 2021 iliyosimama karibu na uwanja wa ndege, ni changa na haina koltani ya kuchimba. Koltani ya Masisi imo katika miamba ya umri wa karibu miaka bilioni moja, katika ukanda mmoja unaopita Kivu, Rwanda, Burundi, Karagwe ya Tanzania na kusini-magharibi mwa Uganda. Shika jambo hili la ukanda mmoja, tutalirudia.

Miamba hiyo ilianza kama ujiuji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi na kuwa graniti. Unapopoa, madini ya kawaida hujijenga kwanza, na kila atomi inayofaa umbo lake huchukuliwa. Atomi ya tantalamu haifai. Ikishapoteza elektroni zake tano, inabaki na chaji kubwa mno kwa nafasi zilizomo katika madini hayo. Inakataliwa, inabaki katika ujiuji unaozidi kupungua pamoja na maji, florini, lithiamu na wengine waliokataliwa. Mwishoni kabisa mabaki haya hupenya kwenye nyufa na kuganda, na hapo tantalamu, ambayo kwa kawaida ni gramu moja au mbili tu katika tani ya mwamba, inakuwa imekusanyika. Jiwe linaloganda hivyo huitwa pegmatiti.

Kisha mvua ya kwetu ikafanya kazi yake. Kwa mamilioni ya miaka maji yenye asidi hafifu yamekula sehemu kubwa ya jiwe na kuigeuza kuwa udongo mweupe, kaolini, ule unaouona Rubaya. Koltani haikuliwa. Imebaki ndani ya udongo laini, na ni nzito: gramu 6 hadi 8 kwa sentimita ya ujazo, wakati mchanga wa kawaida una 2.65. Mimina maji kwenye mfereji wenye mteremko, maji yatachukua mchanga na kukuachia koltani.

Fikiria maana yake kwa siasa. Kolwezi, kwenye shaba na kobalti, sehemu kubwa ya kazi inataka mitambo mikubwa, mikopo, na kampuni zenye mabilioni, ambazo nyingi leo ni za China. Rubaya, kijana mwenye sururu, koleo na karai anaweza kuanza leo. Hii ni riziki ya maelfu ya familia, na ni hatari pia, maana udongo uleule ulio laini kuchimba huporomoka mvua ikinyesha. Na kwa kuwa madini yanatoka mikononi mwa watu wengi, kilo kwa kilo, kupitia njia chache za milimani, mwenye bunduki hahitaji kumiliki mgodi. Anahitaji kusimama njiani na mzani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwishoni mwa 2024 kwamba M23 walikuwa wakikusanya angalau dola 800,000 kwa mwezi kutoka koltani ya Rubaya kwa njia ya kodi, na kwamba takriban tani 120 kwa mwezi zilikuwa zikivushwa kwenda Rwanda.

Sisemi kwamba koltani ndiyo iliyozaa vita. Migogoro ya ardhi na ya uraia Masisi ilikuwapo kabla ya bei ya koltani kupaa mwaka 2000. Wakimbizi wa 1994 kutoka Rwanda, waasi wa Rwanda wa FDLR, dola isiyofika vijijini, hayo yote yana uzito wake, na mtu anayekuambia vita hii ni ya simu tu anakunyima nusu ya ukweli. Koltani imekifanya kila kikundi kiweze kujilisha. Hilo ni tofauti na kukizaa, nalo linatosha kuumiza.

Tumejibu swali la kwanza. La pili, kwa nini nguvu haiko kwetu, liko ndani ya jina. Koltani ni kifupi cha kolumbiti na tantaliti, kwa sababu katika chembe ileile kuna metali mbili: niobiamu na tantalamu. Niobiamu ina protoni 41 katika kiini chake, tantalamu ina 73. Ungetarajia atomi yenye protoni 32 zaidi iwe kubwa kuliko mwenzake. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Lakini kati yao katika jedwali la elementi kuna mstari wa elementi 14 ambazo elektroni zao mpya huingia katika ganda la ndani, mahali zisipoweza kukinga vizuri mvuto wa kiini. Kiini kinapata protoni baada ya protoni, elektroni za nje zinavutwa ndani zaidi na zaidi, na tukifika tantalamu atomi imenywea hadi ukubwa uleule wa niobiamu. Zote mbili zinatoa elektroni tano. Ukubwa sawa, chaji sawa: kwa nje ni pacha.

Kemia hufanyika kwa nje. Kwa hiyo vitu viwili vinavyofanana kwa nje haviachani kirahisi. Niobiamu ilitambuliwa 1801 na Mwingereza Charles Hatchett, tantalamu 1802 na Msweden Anders Ekeberg, kisha kwa miongo kadhaa wanakemia waliamini kwamba ni kitu kimoja, hadi Heinrich Rose alipoonyesha tofauti mwaka 1844. Jean Charles Galissard de Marignac ndiye aliyepata njia ya kuzitenganisha, mwaka 1866, kwa kutumia chumvi za florini ambazo moja huyeyuka kidogo kuliko nyingine. Viwanda vya leo huyeyusha koltani katika asidi ya haidrofloriki na kuitikisa pamoja na kimiminika cha mafuta. Asidi ikiwekwa kwa kiwango sahihi, tantalamu huhamia kwenye mafuta na niobiamu hubaki majini. Hatua hiyo hurudiwa, kisha tantalamu hutolewa kama chumvi na kuchomwa pamoja na sodiamu hadi iwe unga. Asidi hiyo hupenya ngozi ya mtu na kushambulia kalisi ya mifupa. Huwezi kuifanyia kazi uani.

Basi hapo, katika viwanda vichache vya kuachanisha pacha, ndipo ulipo mlango wa nguvu. China ina viwanda hivyo. Kazakhstan ina kile cha Ulba, Ujerumani Goslar, Marekani Boyertown katika Pennsylvania, na Japani, Thailand na Estonia nazo zimo. Kongo, inayochimba takriban asilimia 40 ya tantalamu ya dunia, haimo. Marekani haijachimba tantalamu ya kutajika katika ardhi yake tangu 1959, lakini inajua kuisafisha na kuifanya kapasita. Soko lote la dunia ni tani kama 2,000 kwa mwaka, kitu ambacho malori mia moja yangebeba. Soko dogo hivi likiguswa upande mmoja linayumba lote.

Goma iliuona mtikisiko huo mwaka 2000. Wanunuzi wa kapasita waliogopa kupungukiwa wakaagiza zaidi ya walichohitaji, na ratili moja ya oksidi ya tantalamu iliyokuwa dola 30 hadi 40 ikapita dola 300 kabla mwaka haujaisha. Vijana waliacha mashamba na shule, wengine waliingia msitu wa Kahuzi-Biega. RCD-Goma, kundi la waasi lililoutawala mji huu wakati ule, liliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje kuanzia Novemba 2000. Mwaka 2001 bei ikaporomoka. Hofu ya watu wa ofisini mbali sana ilipanda milima ya Masisi na kushuka, na hakuna mchimbaji aliyeelezwa sababu.

Serikali kubwa zinajua sana thamani ya mlango huu. Desemba 2024 China ilitangaza kupiga marufuku kuiuzia Marekani galiamu na jemaniamu. Metali hizo hupatikana kama mabaki ya viwanda vya alumini na zinki, na China ilitawala soko la dunia la metali hizo kwa kuwa na viwanda hivyo. Kobalti vilevile: zaidi ya asilimia 70 huchimbwa Kongo, na sehemu kubwa husafishwa China. Ukisoma mkataba wa Washington ukiwa na jambo hili kichwani, utaona kwamba pande zinazoshindana zinawania njia ya kwenda mlangoni. Aliyebaki mlimani na karai lake hayumo katika shindano hilo, awe chini ya bendera gani.

Kongo imewahi kupita hapa. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Baada ya vita ile Kongo ilipewa mtambo mdogo wa utafiti wa nyuklia, ulioanza kazi Kinshasa mwaka 1959, wa kwanza Afrika. Ulithibitisha kwamba maarifa yanaweza kuhamishiwa hapa. Lakini mgodi ulikuwa umeshatoa kilichotakiwa.

Je, sayansi inaweza kusaidia kuzuia koltani ya vita isifike mlangoni? Kwa kiasi. Chembe za koltani zina urani kidogo ndani yake, ambayo hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo umri wa chembe unaweza kusomwa. Wanajiolojia wa idara ya serikali ya Ujerumani, BGR, walibuni njia ya kulinganisha umri huo na uchafu mwingine wa chembe ili kutambua mgodi ilikotoka. Lakini kumbuka ule ukanda mmoja. Miamba ya pande mbili za mpaka ilizaliwa pamoja, na tofauti ni ndogo. Shehena zikishachanganywa kazi inakuwa ngumu zaidi, na zikishayeyushwa katika asidi hakuna tena chembe ya kusoma. Vifuko vyenye lebo za plastiki vilivyoletwa baada ya sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya vita vinategemea uaminifu wa anayeifunga lebo. Kwa hiyo mwaka 2025, Marekani ilipotaka kuibana biashara ya Rubaya, iliweka vikwazo pia kwa kampuni za Hong Kong zilizonunua, maana wanunuzi wanaoweza kufikisha mzigo kiwandani si wengi.

Lakini sayansi inaweza kusaidia kwa njia nyingine. Kuna kifaa kimoja ambacho kila mchimbaji amekiona mkononi mwa mtu mwingine. Katika nyumba za ununuzi wa madini mnunuzi huelekeza kifaa chenye umbo la bastola kwenye unga wa koltani, anasubiri kidogo, na namba inatokea. Tulisema niobiamu na tantalamu ni pacha kwa nje. Ndani sivyo. Elektroni zilizo karibu kabisa na kiini zinahisi protoni zote, na protoni 73 huvuta kwa nguvu isiyo sawa na ya protoni 41. Kifaa hurusha eksirei inayozing'oa elektroni za ndani, nyingine za juu zinaanguka kujaza pengo, na kila anguko hutoa eksirei yenye nishati ya atomi hiyo peke yake. Kifaa hukamata mwanga wa tantalamu kwenye kiloelektronivolti 8.1 na wa niobiamu kwenye 16.6. Haziwezi kuchanganywa. Kanuni ya nishati hizi iligunduliwa na kijana Mwingereza, Henry Moseley, mwaka 1913. Miaka miwili baadaye aliuawa Gallipoli, katika vita ya mataifa makubwa, akiwa na umri wa miaka 27.

Bei ya koltani inafuata namba hiyo. Kilo 30 zenye oksidi ya tantalamu asilimia 35 zina kilo 10.5 za kitu kinachotafutwa, na kilo 30 za asilimia 20 zina kilo 6. Kwa macho na kwa mkono, mchimbaji hawezi kuzitofautisha kwa uhakika. Asiye na kipimo anapokea asilimia anayoambiwa, na hasara hiyo inaanzia hapo, kabla ya kodi ya njiani, kabla ya mpaka, kabla ya Hong Kong. Kiwanda cha asidi ya haidrofloriki kinataka umeme wa uhakika, amani na miaka mingi. Kipimo cha eksirei kinataka betri, sampuli chache ambazo asilimia yake inajulikana, na mtu aliyefundishwa kukisawazisha nazo kila asubuhi. Watu wa kufundisha wapo hapahapa: mji huu una wanasayansi wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano, ambao wameipima Nyiragongo kwa miaka mingi, na una vyuo vikuu. Kama mikataba ya Washington na Doha itapata watekelezaji, kifungu ambacho ningetaka kukisoma ndani yake ni cha vituo vya kupimia machimboni, kifaa kikiwa mali ya ushirika wa wachimbaji, na namba ikisomwa mbele ya pande zote mbili kabla mfuko haujafungwa.